Simu ya Kwenda Shamba la Mwisho

Kabla Védís hajafumbua macho, sauti ilimfikia kupitia ukutani. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa redioni, tulivu, isiyo na haraka, akisoma majina ya rasi na milima na kutaja nguvu ya upepo wa kila mahali. Magharibi, upepo wa wastani. Nyanda za juu, mawingu machache. Kusini mashariki, mvua. Bibi Ásta alipenda redio yake ipige kelele. Macho yake yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka, na kila kilichopungua machoni alitaka kukifidia kwa masikio.

Védís aliamka, akatandika kitanda, akamwamsha mdogo wake Salka, akaenda jikoni. Ndivyo alivyofanya kila siku. Alimimina maziwa mgando kwenye bakuli, akanyunyiza sukari, akala. Hakusikia utamu wala uchachu. Tangu mama yao, Hildur, alipofariki wakati wa baridi kali, kila kitu kilikuwa hivyo. Ilikuwa kama mdomo uliochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unaugusa, unajua upo, lakini si wako. Siku ya mazishi watu walinong'onezana, "Mwacheni, atalia baadaye." Theluji ikayeyuka, kondoo wakazaa, shule ikafungwa. Hiyo baadaye haikuja.

"Dada Védís amekuwa friji," Salka alisema huku akilamba kijiko. "Linanguruma kidogo, halafu kimya. Ukilifungua, baridi."

"Kula," Védís alimjibu.

Baba yao, Ketill, aliingia na viatu vyake mkononi. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, na katika mji wote wa Borgarnes hakuna aliyejivunia uendeshaji wake kama yeye mwenyewe. Asubuhi hiyo hakwenda moja kwa moja kwenye birika la kahawa. Alisimama mbele ya ramani iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa ramani ya nchi yao, kisiwa kizima, na mama alikuwa ameizungushia mstari mwekundu kufuata barabara kuu. Kila mwaka mama alisema, "Msimu huu tunazunguka," na kila mwaka kukatokea kizuizi: nyasi za kukata, paa la kuziba, lori kuharibika.

"Msimu huu tunazunguka," baba alisema, mgongo wake ukiwaelekea. "Tunashika njia ya kusini. Tukifika mashariki tunaiacha lami, tunapanda nyanda za juu mpaka bonde la Hvannabotn."

Bibi Ásta alikiweka kikombe chini polepole. Alipokuwa msichana, kila vuli alikwenda Hvannabotn na farasi kuwakusanya kondoo walioachwa milimani kiangazi kizima. Na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba kiangazi kijacho huenda akawa anaona mwanga na kivuli tu.

"Ketill, usinichezee," alisema. "Mimi na macho yangu hatuna msimu mwingine."

"Sikuchezei, Mama. Nitakufikisha."

Kazi zikagawanywa. Baba alichukua gari. Salka alichukua chakula na nyimbo. Védís akapewa njia.

"Wewe una kichwa cha mama yako," baba alimwambia. "Panga tulale wapi, tupite wapi. Na usisahau kumpigia Gróa wa Ystabær."

Ystabær lilikuwa shamba la mwisho kabla ya nyanda za juu. Mtu yeyote aliyezaliwa kisiwani alijua: kabla hujapanda huko, unalipigia simu shamba la mwisho. Unauliza mto ukoje, unasema unakuja siku gani. Haikuwa sheria, lakini hakuna aliyeiruka, kama vile hakuna aliyeingia na viatu nyumbani mwa mtu.

Védís alipanga kila kitu. Mahali pa kulala alipatafuta kwenye kompyuta, ambako hakuna anayekuuliza hali yako. Ikabaki simu moja tu. Gróa alisoma darasa moja na mama. Védís aliishika simu, akaitazama. Alijua sauti ile ingesema nini. "Mtoto wa Hildur! Poleni jamani. Unaendeleaje, mwanangu?" Ndani mwake hamkuwa na kitu cha kujibia. Akaiweka chini. Kesho yake akaishika tena, akaiweka chini tena.

"Umempigia Gróa?" baba aliuliza jioni moja akiwa chini ya gari.

"Nimempigia."

Neno lilitoka jepesi, na moyo wake haukuruka hata kidogo.

"Anasemaje?"

"Njia nzuri. Mto unavukika."

"Saa yoyote?"

"Saa yoyote."

Baba alitoka chini ya gari, uso umejaa grisi na tabasamu. "Si nilisema? Itajipa tu!" Hilo lilikuwa neno lake. Paa likivuja, itajipa. Dhoruba ikija, itajipa. Na watu wa kisiwa kile wote wanalipenda neno hilo, maana limewavusha mengi. Lakini halijawahi kumvusha mtu mto.

Walisafiri. Upepo ulivuma kutoka milimani, na penye kituo cha mafuta mgeni mmoja alifungua mlango wa gari la kukodi bila kuushika. Ukapeperuka hadi ukagonga bodi. "Ushike, mjomba, ushike!" Salka alipiga kelele dirishani huku akicheka. Walipita maporomoko ya maji, wakapita ufuko mweusi, wakala mkate bapa na nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi. Bibi aliuliza kila mara, "Hapo pana nini?" na Védís akamjibu, "Mlima," au "Maji," kama mtu anayesoma vibao vya barabarani.

Mashariki waliacha lami. Nyumba zikapungua hadi ikabaki moja tu, nyeupe, yenye paa jekundu. Baba akapunguza mwendo.

"Ystabær. Tushuke tumsalimu Gróa."

"Hayupo," Védís alisema haraka. "Aliniambia atakuwa mjini."

Baba aliitazama nyumba kidogo, akakanyaga mafuta. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili, na wa pili haukumgharimu hata pumzi.

Jua lilikuwa kali walipofika mtoni, mchana umekwisha kukomaa. Mto Grákvísl ulikuwa mpana, wa kijivu kama saruji iliyokorogwa, ukishuka kutoka kwenye barafu ya milimani. Baba alishuka, akasimama ukingoni, mikono kiunoni. Alirudi akikuna kichwa.

"Naona maji mengi. Ulisema alisema saa yoyote?"

"Ndiyo."

"Basi. Gróa anaujua mto huu kuliko mimi ninavyolijua lori langu. Akisema unavukika, unavukika."

Bibi Ásta alikuwa amefungua kioo. "Mimi nilizoea kuuvuka vuli, kukiwa na baridi," alisema. "Ulikuwa mpole. Leo sauti yake siipendi, Ketill."

"Itajipa, Mama."

Gari likashuka. Maji yakagonga matairi, yakapanda, yakafika kwenye taa. Hapo Védís akaisikia. Chini ya ngurumo ya maji kulikuwa na sauti nyingine, nzito: du, du, du. Yalikuwa mawe, makubwa kama vichwa vya ng'ombe, yakibingirishwa sakafuni mwa mto. Salka aliacha kuimba katikati ya neno. Bibi alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaushika mkono wa kwanza alioukuta. Ulikuwa wa Védís.

Mkono ule ulikuwa mkavu, mwepesi, na haukutetemeka. Ulikuwa mkono wa mtu aliyeamini kwamba njia imeulizwa.

"Baba," Védís alisema. "Sikupiga simu."

"Nini?"

"Sikumpigia Gróa. Hajaniambia kitu. Sijui kama mto unavukika."

Baba hakumgeukia. Alitia rivasi. Matairi yakazunguka bure, gari likasukumwa ubavu, maji yakaanza kuchuruzika chini ya mlango. "Twende, bibie, twende," baba aliliambia gari kwa sauti ya chini. Tairi moja likashika mwamba, kisha la pili, na gari likarudi kinyumenyume mpaka changaraweni. Akazima injini. Maji yalidondoka kutoka kwenye bampa.

"Friji limesema," Salka alinong'ona, kisha akaanza kulia.

Gróa alikuwa amesimama langoni waliporudi, mwanamke mrefu mwenye sweta la sufu na darubini ikining'inia shingoni.

"Niliwaona mkipita," alisema. "Mtu akipita kwangu bila kusimama, kazi yangu ya siku hiyo inakuwa dirisha. Mngechelewa kidogo tu ningetoa trekta. Ingieni. Vueni soksi hizo, zinanuka barafu."

Jikoni aliwapa kakao, samaki mkavu na siagi. Alisikiliza kila kitu, hakumkaripia mtu. Kisha akaeleza kama anavyowaeleza wote: mto ule ni mtoto wa jua. Jua likiichoma barafu mchana kutwa, mto unavimba kufikia jioni. Usiku baridi unaifunga barafu, na asubuhi maji yanakuwa ya magotini.

"Ungenipigia, ningekwambia hayo kwa pumzi moja," alimalizia, akimtazama Védís. "Kwa nini hukunipigia?"

Védís alitazama kakao yake. "Ungeniuliza naendeleaje."

Baba ndiye aliyeongea kwanza, na sauti yake ya majivuno haikuwamo.

"Simu ile ilikuwa yangu," alisema. "Gróa, wewe na Hildur mlikuwa marafiki wa siku zote. Sikuweza kuipiga. Nikamtwika mtoto, nikaita kazi ya njia. Na mtoni niliyaona maji kwa macho yangu mawili, nikayapuuza. Kwa hiyo, Védís, hukuanguka peke yako."

"Lakini uongo ni wako peke yako," Bibi Ásta alisema. Hakupaza sauti. Aligeuza uso upande ambako alijua mjukuu wake ameketi. "Nisikilize, mwanangu. Wenye macho mazuri hudhani uongo mdogo ni mdogo. Mimi naishi kwa maneno ya watu. Ukiniambia hapa pana ngazi, nanyanyua mguu. Ukiniambia hapa pakavu, nakanyaga. Anayenidanganya kuhusu njia ananitoboa macho yaliyobaki. Na leo baba yako alikuwa kipofu kuliko mimi, kwa sababu aliendesha kwa neno lako. Kama huna nguvu ya kufanya jambo, sema huna nguvu. Hilo nalo ni neno la kweli, na mtu mwingine atalichukua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Na mtoni ulisema. Ulichelewa, lakini ulisema, na ndiyo maana nakunywa kakao. Hilo pia nimeliona, kwa macho haya haya mabovu." Akagonga meza kwa kidole, kama alivyofanya kila alipotunga beti, maana watu wa umri wake kisiwani hawamalizi jambo bila mistari minne:

"Mto una zake saa,
asubuhi hutulia,
jua likishazagaa,
hasira huupandia."

"Mrudie Ketill ubeti huo," Gróa alisema, "auandike kwenye usukani." Na baba akacheka, kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Walilala hapo, na asubuhi wakaongozana, trekta la Gróa mbele. Mto ulikuwa umeshuka hadi mawe ya katikati yameota migongo. Baba alivaa buti ndefu, akauvuka kwa miguu akipima kwa fimbo, akarudi. Ndipo akaingia na gari, polepole, bila kusema itajipa. Matairi yakapanda ukingo wa pili.

Mbele yao bonde la Hvannabotn lilifunguka, la kijani, na nyuma yake mlima. Bibi aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

"Kile cheupe kule juu, ni theluji au ni macho yangu?"

Védís alitazama kwanza, vizuri. "Ni theluji, Bibi. Imebaki kwenye ufa mmoja mrefu. Chini yake pana kondoo, wengine weusi. Na kibanda bado kipo, paa limelala upande."

"Upande wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Ndicho," Bibi alisema. "Ndicho chenyewe."

Védís alishuka, akaushika mlango upepo usiuchukue. Bati la mlango lilikuwa baridi, na baridi hiyo ikamuuma vidoleni, kweli kweli, hata akaviingiza kwapani. Ng'ambo ya mto Gróa alikuwa akiligeuza trekta. Védís alikimbilia ukingoni, akajaza mapafu, akapaza sauti ishinde maji:

"Shangazi Gróa! Tukifika kibandani nitakupigia! Mimi mwenyewe! Na ukiniuliza naendeleaje, nitakwambia kweli!"