Fomu ya Masomo ya Marnie

Nyumbani kwa akina Colclough, mjini Longton, siku ya shule ilianza kwa chapati za oti. Baba ndiye aliyezipasha moto, akazikunja na jibini ndani, mbili za Marnie na tatu zake mwenyewe. Mama alikuwa bado hajarudi kutoka zamu yake kwenye makazi ya wazee. Redio ilitangaza mvua, na Baba akaijibu redio kama alivyozoea, "Tupe jipya, basi!"

Asubuhi hiyo Marnie alizitazama zile chapati mpaka jibini likaganda.

"Mbona huli?" Baba akamuuliza. "Jioni si ndiyo siku ya wazazi?"

"Ndiyo, saa kumi na moja na dakika tano. Lakini Baba, kama umechoka si lazima uje. Walimu watasema yale yale ya mwaka jana."

"Wee! Mwaka mzima nasubiri kusikia mwanangu akisifiwa, halafu nikose? Nimeshaomba ruhusa kazini. Kula, tunachelewa."

Marnie akatafuna kipande kimoja, akaisukuma sahani kando.

Masikini mtoto, alikuwa na siri, na siri hiyo ilikuwa ikimtafuna wiki ya tatu sasa. Katika shule yao, mwanafunzi wa darasa la tisa huletewa fomu yenye safu tatu za masomo. Katika kila safu anazungushia duara somo moja tu, na hayo matatu ndiyo atakayoyafanyia mtihani pamoja na yale ya lazima. Katika safu ya kwanza, Sanaa na Kompyuta zilikaa pamoja. Ukichukua hili, lile umeliacha.

Baba alitaka Kompyuta, tena hakutaka mjadala. Zamani Royston Colclough alikuwa fundi wa kalibu, yale maumbo ya kumiminia udongo, katika kiwanda cha vyombo vya udongo. Birika lililotoka katika kalibu yake ungelipitishia kidole usiuhisi mshono. Marnie alipokuwa na miaka mitano kiwanda kikafungwa, na fundi yule akaishia kuendesha gari la kupelekea watu vyakula majumbani. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kuinama miaka ishirini juu ya kalibu. "Mikono ya dhahabu!" alikuwa akisema akikasirika. "Wote walinisifu mikono, na siku ya kufunga hakuna aliyeniuliza mikono hiyo itakula nini."

Marnie naye alitaka jambo moja tu duniani. Chuo cha mjini kilikuwa na mwaka wa msingi wa sanaa, kozi ambayo vijana huingia wakimaliza shule, wakajaribu udongo, vitambaa, uchapaji na kupiga picha kabla ya kuchagua njia ya kuendelea nayo. Darasa lao lilipelekwa kuona maonyesho ya wanafunzi wa kozi hiyo, na tangu siku ile Marnie hakulala vizuri.

Basi akafanya alilofanya. Mbele ya Baba alizungushia Kompyuta, Jiografia na Kemia kwa penseli. Baba akasaini kwa kalamu, akampigapiga begani na kusema, "Huyo ndiye binti yangu." Marnie akapanda chumbani kwake, akachukua raba, akafuta maduara yote matatu. Aliona kwamba mtu anayetaka kozi ya sanaa sharti arundike sanaa tupu, kwa hiyo akazungushia Sanaa, Vitambaa na Maigizo. Saini ya Baba ikabaki palepale chini, ikishuhudia jambo ambalo mwenyewe hakuliona, na kesho yake fomu ikaenda shuleni.

Tangu hapo hakuwa na raha. Simu ikilia nyumbani, anaruka. Bahasha ikianguka mlangoni, anawahi kuiokota. Hata Baba akikohoa tu, Marnie hudhani mambo yamefichuka.

Saa kumi na moja ukumbi wa michezo ulikuwa umejaa. Walimu walikaa nyuma ya vimeza vidogo, kila mmoja na kibao cha somo lake, na wazazi wakapita meza hadi meza, dakika tano kila mahali. Marnie ndiye aliyepanga ratiba yao. Alikuwa ameweka Kiingereza, Historia, Sayansi na Hisabati. Meza mbili hakuziweka kabisa.

Baba aliikagua karatasi. "Mwalimu wa kompyuta yuko wapi humu?"

"Anaumwa," Marnie akasema haraka.

"Pole yake. Na yule pale anayekula biskuti, karibu na kompyuta zote zile?"

Marnie akageuka. Lo! Bwana Bagnall mwenyewe, buheri wa afya, amekaa chini ya kibao chake, na biskuti mkononi. Bahati nzuri kibao kilikuwa kimegeukia upande wa pili.

"Yule... yule ni wa muziki. Amekaa tu pale."

"Muziki," Baba akarudia, akaangalia kompyuta, akaangalia biskuti. Marnie akamvuta mkono kuelekea meza ya Kiingereza. Rafiki yake Orla alipita na mama yake, akamwonyesha dole gumba na kucheka, maana Orla alijua kila kitu. Marnie hakuweza kucheka.

Kiingereza kilikwenda vizuri. Historia ikaenda vizuri. Kwenye Hisabati mambo yakawa magumu: Marnie alikuwa kundi la tano kati ya sita yaliyopangwa kwa uwezo, na mwezi mzima hakuwa ameleta kazi ya nyumbani hata mara moja.

"Mwezi mzima!" Baba akasema walipoinuka. "Kompyuta bila hesabu utaifanyaje, mwanangu?"

"Nitajitahidi, Baba. Twende Sayansi."

Lakini kwa mwalimu wa Sayansi foleni ilikuwa ndefu, kama kila mwaka. Walisimama dakika kumi, wakasimama kumi na tano. Baba akaanza kuhamisha uzito mguu huu na mguu ule.

"Magoti yangu hayawezi tena," akasema. "Pale kuna viti vitupu."

"Hapana Baba, si pale! Wanakataza kukaa pale!"

"Nani anakataza? Kiti ni kiti."

Naye akatembea, taratibu, mpaka kwenye meza pekee isiyokuwa na foleni katika ukumbi mzima, akajitupa kitini na kushusha pumzi. Ilikuwa meza ya Sanaa.

"Bwana Colclough!" Bi Tunnicliffe, mwalimu wa Sanaa, alishangilia kwa sababu jioni ile wageni wake walikuwa wachache mno. "Heri umekuja, nilikuwa nikupigie simu kesho. Kwanza ahsante kwa kumruhusu Marnie achukue Sanaa. Wazazi wengi hawakubali. Ila hizi nyingine mbili nina wasiwasi nazo. Vitambaa na Maigizo pia? Mlikaa mkazungumza kabla ya kusaini?"

Marnie alitamani sakafu ipasuke immeze. Baba alimtazama mwalimu, kisha akamgeukia binti yake, akamtazama kwa muda mrefu. Masikio yake yakawa mekundu. Marnie akasubiri ngurumo.

"Ndiyo," Baba akasema polepole. "Tulizungumza. Nilisaini mwenyewe. Niliona... niliona ni sawa."

Marnie hakuamini masikio yake. Baba yake, mtu ambaye aliwahi kurudi dukani kwenye mvua kwa sababu mwenye duka alimzidishia mayai mawili! Mtu huyo alikuwa amekaa mbele ya mwalimu, macho chini, anasema uongo, na uongo wenyewe hakuuzoea, unamtoka vipandevipande. Alikuwa anausema ili bintiye asiaibike. Marnie angeweza kustahimili kugombezwa, lakini hili lilimshinda.

"Si kweli!" akasema, na machozi yakamtoka hapohapo. "Mwalimu, si kweli. Baba hakujua. Alisaini Kompyuta na Kemia na Jiografia. Mimi nilifuta. Nilifuta kwa raba baada ya yeye kusaini. Na Bwana Bagnall haumwi, Baba, ndiye yule wa biskuti."

Wazazi wa meza ya jirani wakageuka. Bi Tunnicliffe akasogeza boksi la karatasi za kufutia uso.

"Kwa nini?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko Marnie alivyoizoea. "Uliniogopa?"

"Niliogopa utasema hapana. Na ukisema hapana, sitaingia ile kozi ya msingi maisha yangu yote."

"Hebu tuanze na hiyo kozi," Bi Tunnicliffe akasema, "maana naona mnagombana kwa jambo ambalo hakuna aliyeliulizia. Nimepeleka wanafunzi kule miaka tisa. Marnie, wanataka ufaulu masomo matano, na Kiingereza na Hisabati ziwemo. Baadaye, ukiwa na miaka kumi na minane, wanataka kuona mkoba wa kazi zako, na uwe umefaulu angalau somo moja la sanaa. Moja tu! Ukirundika matatu utakuwa na kazi za mikono za masomo matatu kwa mpigo, na Hisabati ndiyo itakayozama kwanza. Nasikia imeshaanza kuzama."

Marnie akainamisha kichwa. Wiki tatu alikuwa akilinda siri yake kama askari wa zamu, na kumbe siri yenyewe ilikuwa inamfungia mlango aliotaka kuupita.

"Na wewe, Bwana Colclough," mwalimu akaendelea, "kuchukua Sanaa hakutamzuia kitu kingine. Akibadili nia kesho, Hisabati yake iko palepale, na Kemia pia mkiirudisha kwenye fomu."

Baba alipitisha kidole kwenye ukingo wa meza, kama anayetafuta mshono. Mwishowe akasema kama anayejisemea, "Rangi ile inayong'aa juu ya sahani ni kemia tupu. Ukikosea kipimo, tanuri zima la vyombo linakwenda jalalani." Kisha akasimama. "Fomu inaweza kubadilishwa?"

"Mpaka Ijumaa."

"Basi nipe mpya. Lakini leo sisaini kitu."

Zile zilikuwa siku tatu ndefu. Baba hakumgombeza Marnie, wala hakumtania, na kukosa utani ndiko kulikouma zaidi. Kila jioni walikaa mezani na kitabu cha Hisabati mpaka zoezi liishe. Mama alipoambiwa alisema tu, "Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako mwanangu uliitembea wiki tatu!"

Ijumaa, kabla ya shule, Baba aliiweka fomu mezani. Safari hii akamwambia Marnie asome kila somo kwa sauti na aeleze kwa nini.

"Sanaa, kwa sababu ndiyo ninayoipenda. Kemia, kwa ajili ya rangi za vyombo, na kwa sababu ulisema wewe. Jiografia, kwa sababu naiweza."

"Na Kompyuta?"

Marnie akamtazama usoni. "Siitaki, Baba. Najua unaniogopea yasije yakanikuta yaliyokukuta wewe. Lakini siitaki."

Baba aliikodolea macho ile karatasi. Ilikuwa mara ya kwanza bintiye kumwambia hapana usoni.

"Bado naogopa," akasema. "Sikufichi, nitaogopa mpaka siku nitakayokuona umesimama mwenyewe. Lakini hofu yangu nitaibeba mimi, wewe beba hesabu zako." Akasaini. Kisha akaishikilia karatasi kidogo kabla ya kumpa. "Kumbuka neno hili, Marnie. Ungeniambia ukweli, ningekasirika siku moja, tukaanza kuzungumza. Uliponidanganya, ulijifungia ndani wiki tatu, na siku ya mwisho ukanifanya na mimi niwe mwongo mbele ya watu. Ukitaka kitu, kiombe hadharani, hata kama unatetemeka."

"Nimekosa, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu pale kwenye meza ya Sanaa, ulipokataa nidanganye kwa ajili yako."