Jiko la Bwana Najua

Kwanza moto ulianza kuinama. Mke wa Bwana Najua aliuona asubuhi akichemsha uji wa mtoto. Madirisha yalikuwa yamefungwa, pazia limetulia, na ndimi za moto kwenye plate kubwa ya jiko la gesi zikalala zote upande mmoja, zikaelekea mlangoni. Mumewe alikuwa amesimama hapo akifunga tai, akimwambia kwamba mwanamke anayeshindwa na uji afadhali kuku, kwani kuku angalau hutaga. Alipotoka, moto ukasimama wima.

Bwana Najua ni jina alilopewa mtaani. Alikuwa karani wa ofisi, mtu anayejibu asichoulizwa. Jiko lile la gesi, lenye plate nne na oveni chini, alilikuta limeachwa katika nyumba waliyopanga. Mwenye nyumba alimshauri alitupe, maana wapangaji waliotangulia walikataa kwenda nalo. Bwana Najua akamwona mshamba. Akaliunganisha mwenyewe na mtungi, jioni moja, akipiga mluzi.

Wiki haikuisha, moto ukageuka manjano na sufuria zikavaa masizi. Mkewe akamwita Shangazi, yaani dada wa baba wa mumewe, aliyejulikana zaidi kama Mama Spana. Miaka thelathini alikuwa ametengeneza majiko ya hospitali na hoteli. Aliwadharau mafundi wa kubahatisha, na kuliko hao aliwadharau watu wanaomsingizia jini kazi iliyofanywa na kutu.

Alipoingia jikoni alinusa tu. Akamzuia mke wa mpwa wake asiwashe taa, akafunga mtungi, akafungua madirisha yote. Ndipo akachungulia nyuma ya jiko.

"Nani kafunga mpira huu?"

"Mimi, Shangazi," akasema Bwana Najua.

"Huu ni wa kumwagilia maua. Gesi inautafuna. Na huu waya?"

"Unashika vizuri tu."

"Hata kamba ya katani hushika vizuri, mpaka mbuzi aondoke. Una mtoto ndani ya nyumba, umemlaza kando ya bomu, unapiga mluzi."

Kitu kikacheka ndani ya oveni. Kicheko kifupi, kikavu, kama cha mtu aliyejisahau msibani.

"Umesikia?" mke wa mpwa akanong'ona.

"Bati likipoa hulia."

"Halijawashwa tangu jana, Shangazi."

Mama Spana alitoa spana mfukoni. Alivua plate zote, akazisugua, akazibua matundu yake kwa pini moja moja, akaweka regyuleta mpya kwenye mdomo wa mtungi na mpira wa gesi wenyewe, akaukaza kwa klipu. Kisha akafungua mtungi, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu halina unafiki. Gesi ikivuja, litatoa mapovu. Viungo vyote vilikuwa shwari.

Lakini tone la povu lilikuwa limerukia ubavuni mwa oveni, kwenye bati tupu lisilo na bomba wala tundu, na hapo pakaota povu moja, likavimba taratibu hadi likalingana na chungwa, likanywea, likavimba tena, likanywea, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala, na Mama Spana akalitazama mpaka akagundua kwamba pumzi yake mwenyewe ilikuwa inaingia na kutoka pamoja nalo. Akalifuta kwa kitambaa.

"Ni upepo," akasema. Kazini hakuwahi kudanganya mtu kabla ya siku ile.

Akawasha. Moto ukatoka wa buluu, mfupi, safi. Bwana Najua akabetua mdomo. "Basi ni kusugua tu? Hata mimi ningefanya. Ila mke wangu kusugua hajui, amezoea kulala." Na moto wote wa plate nne ukainama kumwelekea.

Safari hii Mama Spana aliuona kwa macho yake. Akazima, akafunga mtungi, akakataza jiko lisiguswe.

Kesho yake harufu ilirudi, na mtungi ulikuwa umefungwa vilevile. Haikuwa ya gesi peke yake. Ndani yake mlikuwa na harufu ya kinywa cha mtu aliyeshinda na njaa. Mke wa mpwa akamleta mganga, bwana mmoja mwenye kanzu nyeupe pe na chetezo kilichojaa makaa mekundu. Mama Spana akasimama mlangoni.

"Makaa yatabaki nje."

"Mama, mimi nimetoa majini walioshindikana."

"Ukiingia na hayo humu, utatutoa sisi."

Mganga akasonya, akaweka chetezo uani, akaingia na kuanza kisomo chake kwa sauti ya mtu anayejisikiliza. Mlango wa oveni ukafunguka wenyewe, polepole. Sauti laini ikatoka humo ikimwigiza, kwanza ikimfuata nyuma, kisha ikienda naye sambamba, kisha ikimtangulia, ikiyasema maneno yake kabla hajayasema, na kila neno ikilivuta kwa kejeli. Kuna waganga wanaokimbia kwa heshima. Huyu aliacha viatu, chetezo na heshima yenyewe.

Mama Spana akapiga moyo konde. Akaufungua mpira kwenye mtungi, akaukumbatia mtungi mpaka nje, akaulaza mbali chini ya ukuta, akarudi ndani akihema, akijiambia kwamba moto bila gesi ni hadithi za kutishia watoto, na mlangoni akasimama, kwa kuwa plate zote nne zilikuwa zinawaka, buluu, kimya, bila mtu kuziwasha, na mpira ule mpya aliouweka kwa mkono wake ulikuwa umening'inia nyuma ya jiko, mdomo wake wazi, ukitikisika kidogo kidogo kama mkia.

"Mchukue mtoto," akamwambia mke wa mpwa. "Usirudi kuchukua kitu." Kisha akamgeukia mpwa wake, na sauti yake ikawa ndogo. "Twende nawe, mwanangu. Nakuomba."

"Mnakimbia jiko?" Bwana Najua akacheka. "Wanawake mna kazi. Mjinga wenu mganga, wajinga nyie mnaomfuata."

Moto ukarefuka, ukamlalia kama mbwa anayemjua bwana wake. Naye akanyoosha mkono kuuota.

Wakaondoka bila yeye. Zikapita wiki tatu. Habari zilizofika ni kwamba Bwana Najua amekuwa akijisifu ofisini: yeye hatumii gesi, gesi ni ya wajinga.

Adhuhuri moja Mama Spana akaenda kuchukua nguo za mtoto. Mpwa wake alimpokea vizuri kupita kawaida. Shati lilikuwa limemlegea kama limetundikwa msumarini. Alimketisha jikoni, akabandika sufuria ya chai, akaanza kuwasema watu: bosi wake bwege, majirani wachafu, mkewe mzigo. Kila aliyetajwa, moto uliongezeka.

Akaegemea jiko akizungumza, na mkono wake wa kushoto ukaingia katikati ya moto, ukatulia humo. Vinyweleo vikanuka. Naye hakukatisha hata neno.

Mama Spana akaruka, akaunyakua mkono kwa nguvu zote. Ngozi haikuwa na lengelenge hata moja. Ilikuwa baridi kama bomba la maji.

Bwana Najua akamtazama kwa kero, kama mtu aliyeamshwa.

"Acha ushamba, Shangazi," akasema, na akaurudisha mkono motoni, palepale ulipokuwa.