Sahani ya Kumi na Mbili

Zamani hizo kila mji wa pwani ulikuwa na ukuta wake wa mawe, mfalme wake na ugomvi wake. Ndaoni na Chongoni ilikuwa miji jirani, mwendo wa siku mbili kwa punda, nayo ilipigana mpaka watu wakasahau nani alianza. Katika vita vya mwisho aliuawa Bwana Kombo, jemadari wa Ndaoni, mtu mpole aliyependa halua kuliko upanga. Aliacha watoto wawili na mjane. Mjane huyo ni Mwanajaha, na hadithi hii ni yake.

Baada ya vita hivyo wazee wa pande zote mbili walikuwa wamechoka kuzika. Wakapatana kwa desturi ya mababu: Ndaoni itoe binti aolewe Chongoni, na binti aende na kabati moja na sahani kumi na mbili za kaure, zile nyeupe zenye michoro ya buluu zitokazo Uchina. Sahani hizo ndizo rehani ya amani. Kila mwaka wa saba atakwenda mpima kutoka Ndaoni, azishike moja moja mkononi, azigonge na kuzisikiliza. Zikiwa nzima zote, mkataba unaendelea. Ikikosekana moja, au hata ikabaki moja bila kugongwa, mkataba umekufa, na Ndaoni wana haki ya kumrudisha binti yao kwa upanga.

Binti aliyetolewa alikuwa Mwanaheri, mtoto wa Mwanajaha. Na mpima wa kaure wa Ndaoni alikuwa nani? Alikuwa Mwanajaha huyo huyo. Hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi hiyo.

Wanawake wa Ndaoni walikuwa na kitendawili chao: nikimgusa mzima huimba, nikimgusa mgonjwa hukohoa. Ukisema ni sahani, umekitegua. Mwanajaha aliweza kusikia ufa usioonekana kwa jicho, ufa mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Siku moja kaka yake alikuwa akimwuzia mgeni bakuli, na bei imekwisha kukubalika, yeye akaligonga kwa ukucha akasema mbele ya wote kwamba limepasuka chini. Kaka hakusema naye Ramadhani mbili. Mwanajaha akasema tu kwamba ndugu ni ndugu na ufa ni ufa.

Basi ukafika mwaka wa saba. Mwanawe wa kiume, Stambuli, sasa alikuwa ndiye jemadari. Alikuwa na miaka kumi na mitano siku maiti ya baba yake ilipoletwa imeviringishwa mkekani, na hakuisahau siku ile. Ndoa ya dada yake hakuitaka. Ilipokuja habari kwamba Mwanaheri amejifungua mtoto wa kiume, aliinuka barazani kabla jina halijatajwa, akakataza lisitajwe mbele yake kabisa. Mtoto wa Chongoni, alisema, ana majina ya Chongoni.

Mwaka huo mchuuzi wa shanga alileta uvumi kwamba sahani za Ndaoni zimepungua. Stambuli hakungoja kuulizwa. Alikusanya watu mia tatu, wenye mikuki na ngao za ngozi ya nyati, na arobaini kati yao wana bunduki za fatila, zile za kuwashwa kwa utambi. Akavaa joho jekundu la baba yake. Mama yake akapanda punda mbele ya jeshi, na kibunda mapajani. Ndani ya kibunda mlikuwa na kitambaa cha hariri cha kupangusia kaure, na kofia ndogo aliyoitarizi kwa mkono wake, ya mjukuu ambaye hajamwona na ambaye kwa hesabu yake sasa anakaribia miaka miwili.

Njiani Stambuli alimwuliza kama, ikipungua sahani, atasema.

"Nimewahi kuficha?"

"Hao walikuwa watu wengine, mama. Huyu ni Mwanaheri."

"Na wewe, nikikuambia zote ni nzima, utarudi nyumbani?"

Stambuli akatazama njia. Mama yake akamwambia ajibu upesi, maana hata punda ametega masikio. Yeye akageuka, akarudi kwa askari wake.

Walipofika Chongoni walikuta lango limefungwa na ukuta umejaa watu. Mmoja akawapigia kelele kutoka juu, akauliza kama Wandaoni wamekuja vitani ama wamekuja kuosha vyombo. Askari wa Stambuli wakamjibu avitoe, waone kama Wachongoni hawakulia uji humo. Pande zote mbili zikacheka kidogo, kicheko cha watu wenye vidole juu ya mikuki. Kisha mlango mdogo ukafunguliwa, na Mwanajaha akaingia peke yake kama ilivyo desturi.

Mwanaheri alikuwa amesimama ukumbini. Alikuwa amekonda.

"Nashika maguu, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi bwana mdogo? Nimemletea kofia."

Mwanaheri akatazama chini. "Kagua kwanza, mama," akasema.

Mama mtu mzima akiambiwa hivyo husikia mengi. Lakini Mwanajaha alivua viatu, akaianza kazi, labda kwa kuwa mikono yake iliogopa kukaa bure. Alianza na kabati. Lilikuwa la mbao za msaji, refu kuliko mtu, limepambwa kwa njumu za shaba na vipande vya pembe. Akapitisha kidole nyuma ya miguu akitafuta ule unga laini uachwao na bungua, mdudu wa mbao, hakuuona. Akavuta saraka moja moja, akainusa kila moja, maana mbao inayooza hujitangaza puani kabla ya kuonekana. Zilinuka karafuu na udi. Bawaba zilikuwa zimetiwa mafuta. Njumu moja ilikuwa imeng'oka ikarudishwa kwa gundi, kwa ustadi, na aliyeirudisha hakujaribu kuficha alama. Mwanajaha akaridhika. Nyumba inayolitunza kabati hivi, aliwaza, humtunza na mke.

Kisha akafungua milango. Alizitoa sahani, akazifuta, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akazigonga kwa ukucha wa kidole cha kati. Ya kwanza ikaimba. Ya pili, ya tatu. Ya saba ilikuwa na kovu ukingoni, la tangu huko ilikotoka, lakini sauti yake ilikuwa safi. Akafika ya kumi na moja. Baada yake palikuwa na nafasi tupu, na nafasi hiyo haikuwa na vumbi, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akiifuta kila siku.

"Ile ya samaki wawili," Mwanajaha akasema taratibu.

Hapo Mwanaheri akaketi chini, akamwambia mama yake yote. Mtoto alikuwa akiipenda sahani hiyo. Akilia, Mwanaheri humleta mbele ya kabati, naye akiwaona wale samaki hunyamaza na kuwanyoshea mkono. Homa ilimchukua kwa siku tatu tu, akiwa na miezi kumi na minne. Na huko Chongoni, kaburi la mpendwa hutiwa sahani katika ukuta wake. Mumewe, Bwana Abudi, alitoka mazikoni, akafungua kabati, akachukua ile ya samaki, akaizamisha katika chokaa mbichi kwa mikono yake. Hakuukumbuka mkataba. Wazee walipoukumbuka, chokaa ilikuwa imekwisha kuwa jiwe. Mwanaheri hakuthubutu kupeleka habari nyumbani, maana habari ya mtoto ingekwenda pamoja na habari ya sahani.

Mwanajaha akaitoa ile kofia kibundani, akamwekea binti yake mapajani, akakaa karibu naye. Wakalia pamoja bila sauti, kichwa kwa kichwa.

Bwana Abudi akaja akasimama mlangoni, mtu mrefu, macho yamemwiva. Akasema kosa ni lake. Mkwewe amkabidhi kwa Stambuli, akatwe kichwa pale langoni, vita viishe.

"Chongoni walinichukulia mume," Mwanajaha akamjibu. "Sitaki Ndaoni wanichukulie mkwe. Keti, baba."

Mwanaheri akamshika mama yake mkono. "Sema kumi na mbili, mama. Wewe ukisema, nani atakubishia?"

Na kweli, hakuna ambaye angembishia. Maneno matatu tu, na watu mia tatu wangerudi kwa watoto wao. Mwanajaha akazirudisha sahani kabatini, moja moja.

"Nikisema zote nimezigonga," akasema mwishoni, "nitakuwa nimesema hakuna kaburi. Na pasipo kaburi hapakuwa na mtoto. Siwezi kumfuta mjukuu wangu kwa ulimi wangu."

Akatoka mpaka langoni. Mbele ya jeshi lote akatangaza kwamba kabati ni zima, sahani kumi na moja ni nzima, na ya kumi na mbili ameiona haipo kabatini wala hajaigonga. Mikuki ikainuka. Akamwambia mwanawe aweke silaha chini na amfuate ndani, peke yake, kwani ilipo yeye anapajua. Wandaoni wakapiga kelele kwamba ni mtego. Ndipo Bwana Abudi akatoka nje ya lango bila hata jambia kiunoni, akaenda kuketi mchangani katikati ya maadui zake, awe rehani ya Stambuli mpaka atakaporudi.

Mwanaheri aliwaongoza hadi makaburini. Palikuwa na upepo. Kaburi lenyewe lilikuwa dogo, ukuta wake haufiki kiunoni, na juu kidogo wale samaki wawili wa buluu walikuwa wakiogelea katika weupe wa chokaa. Mwanajaha alikuwa ameazima patasi na nyundo kwa mwashi. Akampa mwanawe.

"Sheria ni sheria," akamwambia. "Siwezi kuipima ikiwa ukutani, jiwe limeizuia sauti. Ing'oe. Mimi nitaigonga, na nitakalolisikia nitalisema."

Stambuli akapiga magoti, akaweka ncha ya patasi kando ya sahani, akagonga mara moja. Kipande cha chokaa kikaanguka. Alipoinama kuona palipobanduka, akaona maandishi yaliyochorwa kwa kijiti wakati chokaa ingali laini. Akayasoma, akayasoma tena. Kombo bin Abudi.

"Nani alimpa jina hili?"

"Baba yake," Mwanaheri akasema. "Alisema, Kombo wenu tulimwua sisi, na hatuwezi kumrudisha. Basi na akue mwingine kwetu, tumlee kwa mapenzi." Akaupapasa ukuta. "Tulimlea, kaka. Hakukaa."

Stambuli aliweka nyundo chini, akaweka kiganja juu ya sahani, akakiacha hapo, kama unavyomwekea mtoto mkono kifuani kujua kama amelala. Joho la baba yake liliburuzika mavumbini naye hakujali. Baadaye akauliza kama Chongoni wana chokaa mbichi. Ikaletwa kwa kifuu. Akaliziba lile pengo kwa kidole gumba chake, polepole, akalisawazisha, akatazama, akaongeza kidogo.

Aliporudi langoni alimkuta Bwana Abudi ameketi pale pale, na mkuki umemwelekea shingoni. Akausukuma mkuki kando, akampa mkono amwinue.

"Simama, shemeji," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo.

Mwandishi wa Ndaoni akataka kujua aandike nini. Mwanajaha akasema yeye amegonga kumi na moja, na hatasema zaidi ya hapo. Stambuli, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kudai, akasema yeye ameridhika, akamwambia mwandishi la kuandika.

Vita vya miji hiyo vimeandikwa kwa kurasa nyingi, nani alipiga wapi na nani alianguka. Mwaka ule umepewa mstari mmoja tu: "Kabati na sahani zimekaguliwa. Kila moja iko mahali pake. Hakuna khabari nyingine." Wasomao huupita mstari huo haraka. Lakini watu mia tatu walirudi nyumbani mwaka ule wakala chakula cha jioni, na wake zao wakawagombeza kwa kuchelewa, na hiyo ndiyo khabari ambayo mstari ule hauisemi.