Jozi ya Mwisho ya Sekela

Fumo aliidhinisha jozi ya vitenzi vya Kiingereza, "give up" na "give in", na kipambanuzi kikaleta ya mwisho: "hear", kusikia, na "listen to", kusikiliza.

Kilikuwa kisahani cha kioo mezani, kimeunganishwa na ukanda ambao mkewe, Sekela, alikuwa akilala nao kichwani wiki nzima. Mafundi wa Dodoma waliotaka kazi katika kituo cha Mwezini walijifunza Kiingereza hivyo. Mashine haikufasiri vitenzi. Ilichota kumbukumbu mbili za mwanafunzi, moja kwa kila kitenzi, ili tofauti aione ndani ya maisha yake mwenyewe. Kabla somo halijafunguka, mwalimu alipaswa kuihakiki mifano. Sekela alimchagua mumewe, aliyefundisha Kiingereza sekondari.

Kwa "hear", kioo kilionyesha jiko lao. Sekela alikuwa akichambua mchicha huku sauti ya Fumo ikisimulia kikao cha walimu. Kwa "listen to", kikaonyesha karakana. Edomu, fundi mwenzake, alikuwa akieleza jambo kuhusu pampu. Sekela aliweka spana chini na kumgeukia.

"Mifano ni sahihi?" mashine iliuliza.

Ilikuwa sahihi. Darasani Fumo asingepata mizuri zaidi. Aliona wivu. Angeikataa, somo lingefungwa, na mtihani ulikuwa Ijumaa. Edomu alikwisha kufaulu; Sekela naye akifaulu, wangekwenda pamoja.

Sekela aliingia akijifuta mikono. "Mwalimu, umekwama? Au umekutana na vituko vyangu?"

"Huyu Edomu huwa anakueleza nini?"

Sekela akakitazama kioo. "Pampu. Kule Mwezini maji yanaganda kwenye mabomba. Tunatafuta namna."

"Mbona mimi hujanieleza?"

"Nilikueleza. Ulikuwa unasahihisha madaftari." Akavuta kiti. "Unataka kujua kweli, au unamchunguza Edomu?"

"Vyote viwili."

Sekela alicheka, kisha akaanza kueleza. Fumo alijikuta anaitazama midomo yake, akiwaza kama Edomu naye huitazama hivyo. Maelezo yakampita.

"Hapo kwenye koki," alisema. "Rudia."

"Sijafika kwenye koki."

"Basi anza mwanzo."

Sekela alichukua kikombe na mrija viwe pampu na bomba, akaanza upya. Mashine iliuliza tena kama mifano ni sahihi. Fumo aliizima bila kuitazama. Angeijibu kesho.