Nyongeza ya Mtoto

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya taka za mgodi Filomena alipomshika mkono bintiye Nieves na kutoka kambini, kama mtu anayekwenda dukani. Na kweli alikuwa anakwenda dukani.

Kampuni iliyochimba shura, chumvi ya mbolea na baruti, huko jangwani haikulipa peso, fedha ya nchi. Ililipa vibati vyenye nembo yake, na nje ya duka lake vibati hivyo havikununua hata kiberiti. Kwa hiyo jangwa lile halikuhitaji ukuta wala mlinzi. Mtu angetoka aende wapi, na tiketi ya treni inauzwa kwa peso? Celedonio, mumewe Filomena, alitumbukia kwenye tangi la kuchemshia shura akafa, akaacha kimfuko cha vibati na mtoto anayekohoa vumbi. Bila daktari wa bandarini Iquique, Nieves asingeuona mwaka mpya.

Wanawake walinong'ona kwamba kwenye kambi ya zamani, iliyofungwa, lipo dirisha la duka linalobadilisha vibati kwa peso jioni, bila kukata kitu. Ukiuliza nani amewahi kwenda, wote wanatazama chini.

Walipofika, mapaa ya kambi ile yalikuwa yameshang'olewa. Lakini palinukia mkate... mkate wa moto, mahali pasipo na tanuri.

Kisha wakaona foleni.

Watu walisimama kimya mbele ya dirisha lenye taa. Hakuna aliyegeuka. Filomena angerudi mbio, ila Nieves alikohoa tena. Akasogea mbele. Wakampisha, kana kwamba aliye hai hana haja ya kupanga foleni. Alipopita kando ya mgongo mmoja mpana alisikia harufu ya shura iliyochemka, na sauti aliyolala nayo miaka yote ya ndoa.

"Mena... usipokee cha bure."

Hakuthubutu kumtazama.

Mwenye duka alikuwa mpole kupita kiasi. Alipokea vibati, akasukuma peso halisi, halafu akatoa peremende.

"Na nyongeza ya mtoto, mama."

Kambini, kukataa nyongeza ni kumtukana mwenye duka. Wiki inayofuata unapimiwa unga wenye funza. Mkono wa Filomena ulifundishwa hivyo tangu utotoni. Ukanyooka wenyewe. Akasema Mungu akulipe bwana, kama siku zote, na Nieves akawa ameshaitia mdomoni.

Taa ikazimika.

Alimtia mtoto kidole kooni. Hakikutoka kitu. Akambeba, akakimbia hadi relini.

Zile peso zilikuwa halali. Treni ilizikubali, daktari naye akazikubali, kikohozi kikaisha. Filomena alipata chumba bandarini na kazi ya kufua nguo, hata akaanza kucheka na majirani.

Ila kila jua linapozama, Nieves huacha mchezo, akasimama akiutazama ukuta, mikono ubavuni. Baada ya muda husogea hatua moja. Filomena amehama vyumba, ameita padri, amemfunga kitandani kwa shuka. Jana alimkumbatia kwa nguvu, akalia, akamsihi arudi kwa mama yake.

"Niache, mama," Nieves alinong'ona bila kugeuka. "Utanipotezea nafasi. Baba ameshahudumiwa. Mbele yangu yuko mmoja tu."