Zamu ya Mama Ndoo

Wazazi na majirani, sogezeni viti karibu niwape habari za nyumba moja iliyopakana na bustani ya mtaa. Wengine mtajiona humu ndani. Msinune, sikilizeni tu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua bado changa, na watu walikuwa wamejaa bustanini kama wako kwenye shughuli. Pale zamani palikuwa jalala la chupa, matairi na nepi za watoto. Wakazi walizizoa zile taka kwa mikono yao wenyewe, wakapiga matuta, wakapanda mchicha, nyanya, bilinganya na vitunguu. Siku hiyo walikuwa wanavuna kwa mara ya kwanza. Kinyozi, mtu aliyezoea kushika mashine ya kunyolea, alikuwa ameshika jembe na kila mtu anamcheka. Mama Mapacha, jirani wa upande wa pili, alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la nyanya, achume moja, aonje nyingine.

"Wewe, utatumalizia!" mtu akampigia kelele, na vicheko vikalipuka.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa karakana yake, mikono kifuani, anatazama. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda. Jembe hakuligusa. Lakini alipomwona mkewe katikati ya lile kundi, kanga kiunoni, uso unang'aa kwa jasho na furaha, moyo wake ulipata raha. Maana mkewe ndiye aliyeingia jalalani siku ya kwanza, peke yake, na reki ya kuazima, wengine wakamfuata baadaye.

Mwenyekiti wa bustani, mzee mmoja mstaafu mwenye sauti ya jukwaani, akapiga makofi watu wanyamaze. "Kuanzia leo kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Tukigawana hivi, hakuna atakayechoka!"

Watu wakaitikia kwa shangwe. Shangwe haijaisha, maji yakaanza kuwalowesha miguu. Tangi la chuma lililokaa pembeni, ambalo ndilo lililotunza maji ya bustani nzima, lilikuwa limeachia kwenye mshono wa chini.

"Fundi! Njoo uone!"

Fundi akaja, akainama, akapitisha kidole gumba kwenye kutu. "Hili dogo. Kipande cha bati tu na kuchomelea kidogo. Kesho nalimaliza."

Naye akapigiwa makofi.

Hiyo kesho, ndugu zangu, haikufika. Kesho yake alikuja mteja na kazi ya geti kubwa, la haraka. Baada ya geti yakaja madirisha. Tangi likakauka, likabaki kusimama pale kama pambo, na maji ikabidi yachotwe bombani, chini kabisa barabarani, na kupandishwa kilima kwa ndoo.

Mwanzoni watu walipanda nazo huku wanaimba. Halafu sauti zikaanza kupungua. Kinyozi alikuwa wa kwanza. Alipita dirishani kwa Fundi asubuhi akasema, "Shemeji, leo nisaidie, wateja wamenijaa." Mama Mapacha akaleta habari za mafua ya watoto. Mwenyekiti akashika kiuno chake na kuguna, bila hata kumaliza sentensi. Kila aliyekuja alipata jibu lile lile kwa mke wa Fundi:

"Haya, usijali. Nitapitia."

Akapitia leo, akapitia kesho, mpaka watu wakaacha hata kuomba. Wakamwita Mama Ndoo. Jina lilianza kama utani wa mapenzi, likaishia kuwa cheo cha kazi. Watu wakiona mboga zimestawi walisema, "Bustani yetu imependeza." Wakiona jani limenyauka waliuliza, "Mama Ndoo yuko wapi?"

Jioni moja Fundi alimkuta amekaa kitandani, anajikanda bega. Akakasirika.

"Hivi wewe umeajiriwa na nani?"

"Nikiacha zitakauka, mume wangu."

"Zikauke! Kwani ni zako peke yako?"

"Si zangu peke yangu. Ndiyo maana siwezi kuziacha." Akaendelea kujikanda bega. "Nesi wa kliniki amesema presha imepanda. Nipunguze kazi nzito."

"Si unaona sasa? Acha."

"Ungelichomelea lile tangi, ningepumzika hata mimi."

"Nimesema nitalichomelea! Lazima uniimbie kila siku?"

Fundi alilala akijiona mume mwenye huruma, kwa kuwa alimwambia aache. Wako wengi wa namna hiyo majumbani mwetu. Tunamhurumia mtu kwa mdomo huku mzigo wake tumeukalia.

Siku ya balaa ilipofika, zamu ilikuwa ya kinyozi. Alipita mapema, akapunga mkono tu kutoka barabarani, na Mama Ndoo akaelewa. Akapanda kilima na ndoo, akashuka, akapanda tena. Jua lilipokuwa la utosi, miguu ikamwishia nguvu nyuma ya matuta ya bilinganya. Akaanguka kifudifudi. Maji yakamwagika, ardhi ikayanywa.

Mama Mapacha alifika baadaye kidogo na kisu mkononi, akitafuta mboga ya mchana. Aliona ndoo imelala, aliona kandambili moja njiani. Akaita, "Mama Ndoo! Nachukua mchicha kidogo!" Hakujibiwa. Akakata fungu lake, akaenda zake.

Na Fundi alikuwa wapi? Alikuwa nyuma ya ukuta, umbali wa kusikia hata mtu akikohoa, lakini kofia ya kuchomelea ilikuwa usoni na mashine inanguruma. Alikuwa anamalizia kitanda cha mteja.

Binti yao ndiye aliyemkuta mama yake, aliporudi kutoka shule na kukuta jiko halijawashwa. Alikuja karakana anakimbia, viganja vimejaa udongo.

"Baba! Zima mashine! Baba, zima!"

Hospitalini daktari aliuliza swali moja: "Alianguka saa ngapi?" Hakuna aliyejua. Daktari akasema kwamba ugonjwa wa kiharusi unataka haraka, na kwamba mgonjwa huyu amechelewa kuletwa. Mama Mapacha, aliyekuja na wengine kutoa pole, akaanza kulia kwa sauti. "Nilikuwa pale! Nilidhani anapalilia! Nimekata mchicha, nikaondoka!" Wakamtoa nje wamemshika mabega. Fundi angemwambia nini, yeye aliyekuwa nyuma ya ukuta?

Mama Ndoo hakufa. Alirudi nyumbani upande wa kulia umekufa, na mdomo uliokuwa na jibu kwa kila mtu sasa unatoa mlio tu usio na maana. Kulishwa, kuoshwa, kugeuzwa ubavu, yote alifanyiwa.

Mwenyekiti akaja na kundi la watu, akasimama katikati ya chumba. "Fundi, usiogope, mtaa upo. Tutapangiana zamu ya kumwangalia mgonjwa."

Kweli walianza. Nyumba ilijaa matunda na chupa za chai, wanawake wakishindana nani afue mashuka. Fundi akalia kwa shukrani. Halafu siku moja kinyozi akapita dirishani. "Fundi, leo nisamehe, wateja wamenijaa." Mafua yakarudi kwa wale watoto. Kiuno cha mwenyekiti kikaanza tena. Polepole chumba kikabaki na watu watatu: mgonjwa, mumewe na binti yao.

Asubuhi moja Fundi aliburuta mashine yake mpaka bustanini, akalichomelea lile tangi. Kazi ilikwisha kabla chai aliyoiacha mezani haijapoa. Alikaa chini palepale, kofia usoni, watu wasimwone anavyolia. Maji yalijaa mpaka juu, lakini mboga zilikuwa zimeshageuka mabua, na hakuna aliyekuja hata kufungua koki.

Nyumba ikazidi kudhoofika. Fundi alifungua karakana kwa kuibia muda, wateja wakachoka kungoja, wakahamia kwa mafundi wengine. Binti aliyekuwa akisifiwa darasani alifika shule amechelewa, nguo zinanuka dawa, akisinzia kwenye dawati. Mwisho wa mwaka akarudishwa darasa. Mtaani watu walitikisa vichwa na kusema, "Maskini, familia ile." Wakapita.

Bustani ikawa jalala tena. Hapo ndipo mwenyekiti alipoitisha kikao kipya, watu wakakaa kwenye mabenchi nje ya duka. Fundi alikwenda na binti yake, kwa kuwa shangazi mtu alikuwa amekuja kumkalia mgonjwa.

"Ndugu zangu, tusikate tamaa," akasema mwenyekiti. "Safari hii ni mradi wa kuku. Banda tutajenga wote, chakula tutachanga wote. Tunachotaka ni mtu wa kuanza. Mtu mwenye moyo kama Mama Ndoo wetu."

Watu wakaguna kwa huzuni. "Mungu ampe nafuu." Kisha kimya. Huyu akatazama kucha zake, yule akatoa simu mfukoni.

Katikati ya kimya hicho, mkono wa binti ukanyanyuka.

Makofi yalilipuka kabla hajasimama. "Kachukua kwa mama yake!" "Damu haipotei!" Kinyozi alipiga makofi kuliko wote.

Fundi akaukamata mkono ule, taratibu, akaushusha mpaka mapajani.

"Huyu hapana."

"Lakini Fundi," mwenyekiti akatabasamu, "si mtoto mwenyewe ametaka?"

"Hata mama yake alitaka mwenyewe."

Akainuka, akamwinua binti, wakaondoka. Nyuma yao hakuna mkono mwingine ulionyanyuka.

Walitembea mpaka karibu na mlango. Binti akauliza, "Baba, kwani nimekosea?"

Fundi alitaka kumwambia kwamba hakukosea, kwamba moyo ule ndio kitu kizuri kuliko vyote mtaani kwao. Alitaka pia kumwambia asije akaunyanyua tena ule mkono maisha yake yote. Hakujua aanze na lipi. Akamwambia tu, "Ingia ndani. Mama yako hajageuzwa."

FUNZO

Wazazi na majirani, kujitolea si kumtoa mwenzako. Ukiikubali zamu, ni yako. Ukiiacha haipotei hewani, inamwangukia mtu, na mara zote ni yule yule asiyejua kukataa. Kumsifu hakumpunguzii uzito wa ndoo.

Wewe mume, na wewe mke: usimwambie mwenzako apumzike wakati dawa ya uchovu wake iko mikononi mwako na unaiahirisha.

Nanyi wenye moyo mwepesi wa kusaidia, jifunzeni kusema "leo siwezi," na mliseme mkiwa bado mnaweza kusema.

Mtaa ule bado unalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitolei. Mmoja alitaka. Aliyemshusha mkono ni baba yake, lakini sababu tulimpa sisi.