Sekunde Tatu za Yun-seul

"Samahani, hapa ndipo anapofundisha Mwalimu Do-gyeom?"

Nilikuwa napiga deki kwenye ukumbi wetu wa mazoezi ya dansi, chini ya ardhi, mtaa wa Mangwon. Kwenye ngazi alisimama msichana nisiyemtarajia: kofia, barakoa nyeusi, mwavuli unachuruzika.

"Ndiye mimi. Ila darasa la wanaoanza ni Jumamosi."

"Mimi siyo wa kuanza. Naanza upya."

Akavua barakoa. Fimbo ya deki ikanidondoka. Ha Yun-seul! Yule wa kundi la muziki la wasichana watano, anayesimamishwa pembeni kila siku. Wiki ile alikuwa ametangazwa kuimba wimbo wa pamoja na rapa Mok Jae-ha, na dansi yake niliitunga mimi.

"Kampuni imesema mazoezi ni Alhamisi," nikamwambia.

"Alhamisi nitakuja nikiwa najua. Wimbo huu usipopanda, mkataba wangu hausainiwi tena. Nionyeshe, Mwalimu."

Nikamwonyesha. Wimbo ule haukupi hata nafasi ya kumeza mate: magoti chini, ruka, geuka, bega la kushoto lipige kama unavunja mlango. Yun-seul akaanguka, akacheka, akainuka akiwa bado ndani ya mdundo. Sijawahi kuona mtu wa namna ile.

Tulipopumzika akauliza, "Mwalimu, umeshawahi kuonekana kwenye televisheni?"

"Miaka sita sasa, nikicheza nyuma ya waimbaji. Mama yangu kule Gunsan anakijua vizuri sana kiwiko changu."

"Kiwiko!" Akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Usicheke. Huwa ananipigia simu: 'Leo nimekuona mwanangu, kile cha kulia!'"

Kisha akainuka. "Siku ya kwanza ya wimbo kwenye televisheni, dansi ikiisha, kamera ikija usoni kwangu kwa sekunde tatu za mwisho, hizo nakupa wewe. Mama akuone."

"Acha utani. Watu wanakuwa nyota kwa sekunde hizo."

Akaninyooshea kidole kidogo. Nikakifunga na changu, tukagandamiza vidole gumba kama mhuri wa ahadi.

Wiki nne tukafanya mazoezi, tukila tteokbokki, vile vipande vya unga wa mchele vyenye pilipili, kwenye kikombe kimoja. Siku moja, tukiwa wawili tu, aliacha kuniita Mwalimu. Akaniita oppa, kaka, kwa ile sauti ambayo msichana humwitia mpenzi wake.

Kosa likatokea kwenye mazoezi ya mwisho studioni.

"Oppa, kunywa maji kwanza!"

Kipaza sauti chake kilikuwa kimewaka. Studio nzima ikageuka.

"Ananiita mimi! Nakunywa, nakunywa!" Jae-ha akadaka chupa, akaigida yote. Mungu ambariki. Ila kila mtu alijua Jae-ha ni mdogo kwa Yun-seul kwa miaka miwili, na mdogo haitwi oppa.

Meneja Pyo, msimamizi wa Yun-seul, akanivuta pembeni. "Utacheza, kwa sababu hakuna wa kushika nafasi yako. Ila mashabiki hawataki nyota mwenye mpenzi. Ukimsogelea tena, atakayeumia ni yeye."

Nikamwandikia Yun-seul: "Sahau yale ya kidole. Sekunde hizo ni zako, zitumie."

Akajibu: "Asante kwa kazi yako, Mwalimu."

Heshima tupu, kama anamwandikia mtu wa benki. Moyo ukanidondoka kama ile fimbo ya deki.

Siku ikafika. Jamani, Yun-seul alicheza! Jae-ha alirusha maneno, yeye akayapokea kwa mabega. Aliporuka, na sisi nyuma yake tukajikuta tunaruka juu kuliko mazoezini. Ukumbi ulipiga kelele mpaka sakafu ikatetemeka.

Mdundo wa mwisho. Kamera ikamfuata. Meneja Pyo alishaanza kutabasamu.

Yun-seul akapiga hatua moja kushoto.

Basi. Hatua moja tu. Kamera ikakuta uso wangu nyuma yake: jasho, mdomo wazi kama samaki. Sekunde tatu.

Nyuma ya jukwaa Meneja Pyo alikuwa mwekundu kwa hasira. "Unajua nafasi uliyoitupa? Kesho wanakaa kuzungumzia mkataba wako!"

"Sijaitupa, Meneja. Nilikuwa nimeahidi."

Yun-seul akanigeukia, bado anahema. "Ule ujumbe wa kukushukuru niliuandika Meneja akiwa amenisimamia kichwani."

Simu yangu ikalia. Mama.

"Do-gyeom! Ni wewe yule? Mbona umekonda hivyo, mwanangu?" Alikuwa analia.

Nikajifuta uso kwa kiwiko. Yun-seul akanishikisha chupa mkononi, mbele ya Meneja, mbele ya wote.

"Oppa, kunywa maji."

Kipaza sauti chake kilikuwa bado kimewaka. Safari hii alijua.